Usiimeze Irabu ya Mwisho: Kipunjabi cha Kale kwa Sikio la Mswahili

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi jijini Nairobi, kwenye mkutano wa wapenzi wa lugha. Naiweka yote hapa kwa waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.)

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mliotoka Gurdwara, hekalu la Masikh, mkaja kuketi nyuma kabisa kama wageni wa kukodi: sogeeni mbele. Leo mazungumzo ni ya kwenu.

Hamjambo?

Nijibuni kwanza swali dogo. Nikisema "nyumba", halafu nikasema "nyumbani", nimeongeza nini? Silabi moja tu. Na silabi hiyo inafanya kazi ngapi? Niko nyumbani. Naenda nyumbani. Natoka nyumbani. Kazi tatu, mshahara mmoja.

Sasa fikirini Waswahili wote tuchoke. Tuanze kuimeza ile "ni" tunapoongea, lakini kwenye vitabu iendelee kuandikwa. Baada ya miaka 400 kitukuu anafungua utenzi wa leo, anaona "nyumba" huku na "nyumbani" kule. Atasemaje? Atasema mwandishi alikuwa anatafuta mizani. Atapita zake. Herufi zote kazisoma, na maana ameiacha pale pale kitabuni.

Hilo ndilo lililowapata wasomaji wengi wa Kipunjabi cha kale. Nami nitawaeleza nilivyolijua.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa njaa. Nilikuwa kijana wa sekondari, basi la Mombasa likatufia karibu na Makindu, jua kali, mfukoni sina kitu. Wenye kuijua njia wakatuambia, twendeni kwa Kalasinga. Mnaifahamu Gurdwara ya Makindu, iliyojengwa 1926 na watu wa reli. Anayefika anakula, na haulizwi dini wala kabila. Nikala chapati na dengu, nikanywa chai, na baada ya kushiba ndipo macho yakaanza kuzunguka. Ukutani palikuwa na maandishi. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akigawa chai, "Mzee, pale pameandikwa nini?" Akanisomea taratibu, *sati nam, karata purakh*, Jina la kweli, Muumba aliye nafsi hai. Nikatazama tena. Chini ya herufi ya mwisho ya "nam" palikuwa na kijimkia. Chini ya mwisho wa "purakh", kijimkia kile kile.

"Na kile kijimkia, mzee?"

Akacheka. "Kile hatukisomi, kijana. Kipo tu."

Kipo tu! Basi likatengenezwa, tukaondoka, na neno hilo nikaondoka nalo. Ndugu zangu, nimefundisha lugha miaka mingi, na nawaambia: katika lugha hakuna kitu ambacho "kipo tu".

Kitabu ambacho maneno yale yalitoka ni Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh. Guru Arjan, mmoja wa walimu wakuu wa Masikh, alikikusanya mwaka 1604, mwandishi wake akiwa Bhai Gurdas. Kikipigwa chapa leo kina kurasa 1430. Ndani yake si sauti moja. Yumo Guru Nanak, mwanzilishi wa Usikh, aliyeishi 1469 hadi 1539. Yumo Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu aliyemtangulia kwa karne kadhaa. Yumo Kabir mfumaji, yumo Ravidas fundi wa ngozi, yumo Namdev kutoka nchi ya Wamarathi. Kwa hiyo mtu akikwambia kitabu kile kina lugha moja safi, mwulize lugha ya nani. Lakini chini ya mchanganyiko huo kuna sarufi inayoshika sehemu kubwa ya kitabu, na sarufi hiyo imekalia vijimkia.

Hati yake ni Gurmukhi, iliyopangwa na Guru wa pili, Angad. Herufi isiyo na alama yoyote inabeba "a" fupi ndani yake. Kijimkia cha chini kinaigeuza kuwa "u". Alama iliyopinda, inayosimama kabla ya herufi ingawa hutamkwa baada yake, inaigeuza kuwa "i". Tena zamani maneno yaliandikwa yakiwa yameshikana kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, bila nafasi katikati. Aliyesoma tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu anajua jasho lake: msomaji lazima awe ameshaielewa sentensi nusu kabla hajaanza kuisoma.

Sasa mtazameni Nanak mwenyewe, maana jina lake linaonekana kwa sura tatu.

Kuna mstari unaosema *Nanaku nichu kahai vicharu*: Nanak, aliye duni, anasema wazo. Hesabuni irabu za mwisho. Nanaku. Nichu. Vicharu. U, u, u. Mtendaji ni mmoja, wa kiume, na sifa yake "duni" inavaa sare ile ile. Wazo linalosemwa nalo ni nomino ya kiume, umoja, halina kihusishi nyuma yake, basi nalo limepewa u.

Mstari mwingine unasema *hukami rajai chalana, Nanaka, likhia nali*. Hapa ni Nanaka, bila kijimkia. Kwa nini? Kwa sababu anaitwa. Ewe Nanak! Uende kwa amri na ridhaa ya Mungu, kama ilivyoandikwa.

Na waimbaji wawili, Satta na Balvand, walipomsifu walisema *Nanaki raju chalaia*. Nanaki! Sasa si Nanak anaendesha. Ni ufalme uliendeshwa *na* Nanak. Ile i ya mwisho ndiyo "na" yetu ya kutendwa. Na kitenzi kimefuata nini? Kimefuata ufalme, kama kwetu: ufalme *u*liendeshwa, hatusemi *a*liendeshwa.

Nanaku, Nanaka, Nanaki. Mtenda, mwitwa, na yule aliyetendesha. Kipo tu?

I hiyo hiyo inafanya kazi nyingine ambayo Mswahili hahitaji kufundishwa. *Gharu* ni nyumba. *Ghara*, bila alama, ni nyumba nyingi, au nyumba inayofuatwa na kihusishi. *Ghari*, je? Nyumbani! *Manu* ni moyo, *mani*, moyoni. Tofauti ni kwamba sisi upatanisho wetu tunaubeba kichwani, m-tu a-, ki-tu ki-, na mkiani tunaacha "ni" peke yake. Wao karibu mzigo wote wameufunga mkiani.

Mnashangaa? Ngojeni. Neno lao la umilikaji halimfuati mwenye kitu. Linafuata kitu chenyewe. *Gura ka sabadu*, neno la Guru. *Gura ki bani*, utenzi wa Guru. Ka limekuwa ki kwa sababu "bani" ni ya kike. Na ukisema "kwa neno la Guru", inakuwa *gura kai sabadi*: neno limegeuka, na "ka" limegeuka pamoja nalo. Ni mchezo wetu wa kitabu *cha* mwalimu, nyumba *ya* mwalimu, watoto *wa* mwalimu. Nimewahi kuwaona wanafunzi wa mataifa mengine wakitokwa machozi juu ya cha na ya na wa. Mpunjabi hatoki chozi.

Kwa hiyo u hii ilitoka wapi? Haikuanguka kutoka mbinguni. Katika Kisanskriti nomino nyingi za kiume ziliishia -as. Lugha zilizofuata, Kiprakriti, zikaigeuza kuwa -o. Kisha katika Kiapabhramsha, hatua iliyofuata kwenye ngazi hiyo, ikawa -u. Na katika Kipunjabi cha leo ni kimya. As, o, u, kimya. Miaka elfu mbili na zaidi ya kuchoka polepole. Granth imetunza hatua ile ya u kabla haijazimika. Na si kwamba imezimika kila mahali: jirani zao Wasindhi wanaitamka hadi leo.

Ndiyo maana Ernest Trumpp, mmisionari Mjerumani aliyekuwa amechapisha sarufi ya Kisindhi mwaka 1872, alizielewa irabu hizi mapema. Bahati mbaya, alipochapisha tafsiri yake ya sehemu ya Granth mwaka 1877, aliongeza maoni kwamba kitabu hakina mtiririko wala kina, na Masikh hawajamsahau kwa hilo. Mtu anaweza kujua kila bawaba ya mlango na asiuone ukumbi.

Aliyezileta irabu hizi mikononi mwa wasomaji wenyewe ni Profesa Sahib Singh. Alizaliwa 1892 katika familia ya Kihindu, akiitwa Natthu Ram. Akaingia Usikh akiwa kijana na kubadili jina. Alikuwa mwalimu wa Kisanskriti. Sikilizeni hapo. Mtu aliyekaririshwa Kisanskriti anajua kwamba mwisho wa neno ndio unaokwambia nani kamfanyia nini nani. Alipokisoma kitabu alichokipenda, macho yake hayakuweza kusema "kipo tu". Alilinganisha neno moja katika mistari mingi: hapa *sabadu*, pale *sabadi*, kule *sabada* tupu, akaona kila sura inakaa mahali pake. Katika miaka ya 1930 akatoa sarufi nzima. Katika miaka ya 1960 akatoa ufafanuzi wa Granth yote katika juzuu 10, akifuata sarufi hiyo mstari kwa mstari. Mpaka leo anayebishana na Sahib Singh lazima kwanza amsome.

Ila msiondoke hapa mkidhani kila u ni sare ya mtendaji. *Vasatu*, kitu, ni neno la kike, na u yake limezaliwa nayo: Kisanskriti *vastu*. Sarufi ina wakazi na ina wapangaji, na lazima uwajue kwa sura.

Nije kwenye asili ya maneno. Hapa ndipo Mswahili anapokaa kitako, kwa sababu nusu ya wageni waliomo anawajua.

Ukiisoma Granth utakutana na *hukamu*: hukumu, amri. *Kalama*: kalamu. *Dunia*: dunia. Na Farid anajisemesha hivi: *Farida, je tu akali latifu, kale likhu na lekha*. Akali latifu! Nani hapa anahitaji kamusi? Farid, kama una akili latifu, usiandike maandishi meusi juu ya wengine. Inamisha kichwa utazame ndani ya ukosi wa nguo yako mwenyewe. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, yakapita Uajemi, yakaingia Punjab kwa miguu ya masufi, makadhi na makarani. Kwetu yalikuja kwa jahazi. Ni watoto wa baba mmoja waliolelewa na mama wa kambo tofauti.

Na malezi yanaonekana. Waajemi walitamka *kazi* na *nazar*, kwa z. Lakini herufi 35 za Gurmukhi ya zama zile hazikuwa na z. Herufi za nukta ziliongezwa baadaye. Neno la z likibisha hodi, wakati mwingine lilipewa j, na maneno fulani yakapewa d. Sisi tunasema kadhi, Granth inasema *kadi*. Sisi nadhari, wao *nadari*, mtazamo wa rehema. Sisi tunahudhuria, wao wako *haduri*, mbele ya uso wake. Dh, d. Dh, d. Dh, d. Likija moja ni sadfa, yakija matatu kwa mpango mmoja hiyo ni njia. Na ridhaa? Hilo lilipita mlango wa j, likawa *raja*, ndilo mlilolisikia katika *rajai*.

Lakini ndugu wa baba mmoja anaweza kukuaibisha. Granth inamwita Mungu *Khasamu*. Kiarabu chake ni *khasm*, na kwetu mzizi huo umetuzalia nini? Hasimu! Uhasama! Mara ya kwanza nilipokutana na neno hilo nilitetemeka: Mungu ni hasimu? Kumbe njiani, katika Kiajemi na lugha za India, neno lilihama kutoka mpinzani hadi bwana mwenye mali, na hadi mume. (Naona kina mama wanacheka. Wanasema halikuhama mbali.)

Na wapo wanaofanana bila undugu wowote. Kijana mmoja aliniambia kwa furaha kubwa: mwalimu, Singh ni *simha*, na simha ni simba, kwa hiyo tumelipata neno letu India! Nikamwambia pole. Singh kweli ni simha wa Kisanskriti, simha kweli ni mnyama yule yule, lakini simba wetu ni Mbantu wa ukoo. Mwulize Mshona wa Zimbabwe anamwitaje: *shumba*. Mshona hakumpokea simba wake kutoka kwa merikebu ya Gujarat. Kufanana ni dokezo, si cheti cha kuzaliwa.

Mnataka neno la kweli kutoka Kisanskriti mfukoni mwenu? Laki. Laki moja, laki mbili. Kisanskriti *laksha*, Kiprakriti *lakkha*, Kipunjabi *lakh*, nasi tukalipata kupitia wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Ile "ksh" imekuwa "kh", na hata "sh" pengine huwa "kh", kama vile *purusha* alivyokuwa *purakhu*, yule wa ukutani Makindu, na *shishya*, mwanafunzi, alivyokuwa *sikh*.

Sasa fundo gumu. Itakuwaje neno likiwa na wazazi wawili?

Inasimuliwa kwamba Nanak alipokuwa mtunza ghala wa Daulat Khan Lodi huko Sultanpur, alikuwa akipima nafaka na kuhesabu. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, alipofika *tera*, kumi na tatu, akakwama. Tera, tera, tera. Kwa sababu *tera* pia ni "chako". Aliendelea kupima na kusema: chako, chako, chako. Kumi na tatu ilitoka kwenye Kisanskriti *trayodasha*. "Chako" ilitoka kwenye kiwakilishi cha nafsi ya pili. Barabara mbili zimekutana kwenye sauti moja, na mcha Mungu akasimama kwenye makutano.

Hapo ni kisa. Lakini katika utenzi wa Nanak uitwao Japji kuna mstari *karami avai kapara, nadari mokhu duaru*. Kwa *karam* hupatikana vazi, kwa *nadari* mlango wa wokovu. Karam ipi? Kuna *karma* ya Kisanskriti, matendo. Na kuna *karam* ya Kiarabu, ukarimu, ile iliyotupa karama na Karimu. Kama ni matendo, mstari unasema: matendo yako yanakupa vazi hili la mwili, lakini mlango unafunguliwa na rehema. Kama ni karama, vazi lenyewe ni zawadi, na mlango ni zawadi. Ni dini mbili tofauti ndani ya neno moja! Na irabu ya mwisho, niliyoisifu tangu asubuhi, hapa haisaidii. Zote mbili zingeandikwa sawa. Sahib Singh alichagua karama. Mimi, kwa udogo wangu, naenda naye, kwa kuwa jirani wa neno hilo ni *nadari* mwenye damu ya Kiarabu, na wawili wamesimama bega kwa bega. Lakini mwishoni mwa utenzi huo huo kuna *karami apo apani*, kila mmoja kwa karam yake mwenyewe, wengine karibu, wengine mbali. Na pale ni matendo waziwazi. Mshairi mmoja, utenzi mmoja. Je, hakujua? Mimi nadhani alijua sana.

Hata mwanzo wa utenzi una fumbo hilo. *Sochai sochi na hovai, je sochi lakh var*. Mara laki, mmesikia. Mara laki kufanya nini? Wengi husoma "kufikiri". Sahib Singh akaifuata *shaucha* ya Kisanskriti, kujitakasa: ujioshe mara laki, usafi hautapatikana kwa kujiosha.

Muda umeniishia, Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye karatasi zenu kuna mstari mmoja wa zoezi: *mani jitai jagu jitu*. Jita ni kushinda, jagu ni ulimwengu. Nani ataniambia "mani" ni nini?

(Ukumbi mzima ulijibu: "Moyoni!")

Ndivyo nilivyotarajia. Nimewafundisha vizuri, na mmekosea vizuri.

(Hapo mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa bado hajasogea mbele, aliinua mkono. "Mwalimu, hapo si moyoni. Tazama na la pili, jitai.")

Asante, mzee. Tazameni na la pili. Mani na jitai zimegeuka pamoja, nomino na kitenzi chake, na zikigeuka pamoja hazisemi mahali tena. Zinasema "ikishakuwa hivi". Ni -ki- yetu. Moyo ukishatiishwa, ulimwengu umetiishwa. Anayesoma "moyoni" anapata sentensi isiyo na kichwa.

Na ile u ya jagu? Hiyo sasa mnaijua, sisemi. Chai iko nje.